Mavi ya chuma: madini ya moto na madini ya mvua

Lugha yetu haikuona haya kulipa jina lile bonge jeusi, zito, lenye matundu matundu, linalobaki tanurini chuma kikishatolewa. Kamusi zinaliita mavi ya chuma. Jina limekaa mahali pake: tanuri limelishwa mawe na makaa, limechukua lilichokitaka, kilichobaki kikatokea chini. Kasoro yake ni kwamba mtu akilisikia hupita bila kuinama.

Walioinama wamekuta mengi. Ukisoma maandishi ya wataalamu kuhusu taka za matanuri ya zama za kati, yaani takriban mwaka 500 hadi 1500, utakutana na orodha ndefu ya madini: fayalaiti, wustaiti, magnetaiti, hesinaiti, lusaiti, malakaiti, serusaiti, anglesaiti, broshantaiti. Orodha hiyo humchanganya msomaji kwa sababu yote hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba ni watoto wa mama mmoja. Matano ya mwanzo yalizaliwa motoni, kwa saa chache, mhunzi akiwa bado anatokwa jasho. Manne ya mwisho yalizaliwa na mvua, polepole, mhunzi keshakufa na vitukuu vyake hawajui tanuri lilisimama wapi. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuifumua hapa, maana bila hiyo orodha yote inabaki kuwa majina magumu tu.

Neno madini lenyewe lina kazi nyingi mno. Kwa mchimbaji wa Geita, madini ni dhahabu. Kwa mtaalamu wa lishe, ni chuma na kalisi kwenye mchicha. Hapa nalitumia kwa maana ya wanajiolojia: kitu kigumu chenye elementi maalumu, zilizopangwa kwa mpangilio unaojirudiarudia, yaani fuwele. Chumvi ya mawe ni madini kwa maana hiyo. Kioo cha dirisha sicho, kwa kuwa chembe zake zimeganda ovyo, kila moja mahali ilipokutwa na baridi. Mavi ya chuma yana vyote viwili, fuwele na kioo, na uwiano wao ni sehemu ya habari yake.

Chukua kipande cha mavi yaliyotiririka, yale ambayo mhunzi aliyafungulia tundu chini ya tanuri yakamwagika nje. Uso wa juu una mikunjo laini iliyolaliana, kama nta iliyoganda ubavuni mwa mshumaa au uji mzito uliofurika sufuria. Rangi ni nyeusi inayoelekea kijivu, na hapa na pale pana mng'ao wa buluu. Kigeuze. Chini ni kikavu, kimekwaruza, kimeng'ang'ania mchanga na changarawe za pale kilipoangukia. Kipime kwa mkono: kinavuta chini kuliko jiwe la kawaida la ukubwa huohuo. Fayalaiti ina gramu 4.4 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali kwatsi, madini ya mchanga wa kawaida, ina gramu 2.65 tu. Sasa kisogezee sumaku. Wengi hutarajia itanata kwa kishindo, lakini mara nyingi hugusa kivivu tu au isiguse kabisa. Chuma kimo, tena kingi, ila kimefungwa ndani ya fuwele ambazo sumaku ya mkononi haina habari nazo. Pale inaponata, jua kuna magnetaiti au tone la chuma halisi lililonaswa.

Kiliingiaje humo? Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,538. Tanuri la udongo lenye mivukuto ya ngozi lilicheza kwenye nyuzi 1,200 hadi 1,300 hivi. Kwa hiyo chuma cha mhunzi wa kale hakikuyeyuka. Kilichoyeyuka ni uchafu.

Makaa yakiungua kwa hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo ina njaa ya oksijeni. Inapanda kati ya mawe ya chuma ikiyanyang'anya oksijeni hatua kwa hatua: hemataiti nyekundu inakuwa magnetaiti nyeusi, magnetaiti inakuwa wustaiti, wustaiti inakuwa chuma. Lakini mawe ya chuma hayaji peke yake, huja na mchanga, na mchanga ni silika, ambayo ikiachwa peke yake haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 1,700. Mhunzi hakuwa na moto wa kufika huko. Kilichomwokoa ni kwamba silika ikikutana na wustaiti ambayo bado haijawa chuma, viwili hivyo huungana na kuwa fayalaiti, na fayalaiti huyeyuka kwenye nyuzi 1,205. Ikichanganyika kidogo na wenzake hushuka hadi karibu 1,180. Hapo uchafu unageuka maji, unachuruzika chini, na chembe za chuma zinabaki juu zikishikana kuwa bonge lenye vinyweleo kama sifongo, la kwenda kufuliwa kwa nyundo.

Msaada huo haukuwa wa bure. Kila kilo moja ya silika inayogeuka fayalaiti huondoka na karibu kilo 1.9 za chuma. Yaani mhunzi alilazimika kuhonga chuma ili apate chuma. Fayalaiti safi ina asilimia 55 hivi ya chuma, kiwango ambacho leo kampuni ya uchimbaji ingekiona kwenye mwamba ingeita waandishi wa habari. Ndiyo maana kule Forest of Dean, magharibi mwa Uingereza, watu wa karne ya 16 na 17, walipopata matanuri makubwa zaidi ya kupulizwa kwa nguvu za maji, walirudi kufukua mavi ya Warumi na ya zama za kati wakayayeyusha upya. Mji wa Cinderford ulioko huko umebeba kumbukumbu ya taka hizo kwenye jina lake. Wachimbaji wetu wadogo wa dhahabu hawahitaji kuelezwa biashara hiyo, wao huita marudio: mchanga uliokwisha oshwa na mwingine, unaouzwa kwa mwenye kemikali kali zaidi.

Hadi hapo tuna madini mawili ya moto, fayalaiti na wustaiti, na kwa kweli vipande vingi vya mavi ya chuma ni hayo mawili pamoja na kioo. Utamu uko kwenye namna yalivyokaa.

Kipande hukatwa kwa msumeno wa almasi, kikasuguliwa mpaka uso wake uwe kama kioo cha kujitazamia, kisha kikawekwa chini ya hadubini inayomulika kutoka juu. Fayalaiti huonekana kama mikuki ya kijivu iliyolala sambamba, mafungu kwa mafungu, kila fungu limeelekea upande wake. Katikati ya mikuki kuna wustaiti, nyeupe zaidi, iliyochipua matawi yenye vifundo vya mviringo, kama kijitawi cha mvinje kilichotungwa shanga. Kilichobaki, cheusi, ni kioo: maji ya mwisho yaliyokosa muda wa kujipanga.

Sasa unaweza kusoma. Mikuki minene na mirefu ina maana mavi yalipoa taratibu, yakiwa bado tumboni mwa tanuri. Mikuki myembamba kama nywele ina maana yalimwagika nje yakashikwa na baridi ghafla. Wustaiti ikijaa kila mahali, mhunzi alipoteza chuma kingi, ama kwa sababu mawe yake yalikuwa tajiri mno hakujali, ama kwa sababu hewa ilizidi makaa. Ikikosekana kabisa, tanuri lilinyonya kila tone. Na pale ambapo mkondo mmoja wa moto ulilala juu ya mwingine, utaona utando mwembamba wa magnetaiti, wenye kona kali badala ya shanga, kwa kuwa uso wa kila mkondo ulikutana na hewa ya nje kabla haujafunikwa na unaofuata. Hesabu tando, utajua kipande hicho kimejengwa na mikondo mingapi.

Wustaiti ina kisa chake. Kwa kanuni za kemia haitakiwi kuwepo kwenye baridi: ikishuka chini ya nyuzi 570 hivi inapaswa kuvunjika kuwa magnetaiti na chuma. Baridi iliiwahi kabla haijavunjika, nayo imebaki vilevile karne kwa karne. Kwenye miamba ya asili ni adimu sana. Hata jina lake halikutoka mlimani bali kiwandani, kwa Fritz Wüst, mtaalamu Mjerumani wa uyeyushaji wa chuma aliyefariki mwaka 1938.

Madini mengine ya moto ni wageni waalikwa, kila mmoja akieleza aliyemleta. Hesinaiti ni oksidi ya chuma na alumini, na alumini hiyo mara nyingi hutoka kwenye udongo wa kuta za tanuri au wa mirija iliyopitisha upepo wa mivukuto, ambayo midomo yake ilikuwa ikiyeyuka kazi ikiendelea. Mavi yenye hesinaiti nyingi yanaweza kukuambia kwamba tanuri lilikuwa linajila lenyewe. Lusaiti ina potasiamu, na potasiamu huja kwa majivu ya makaa, hivyo ni mti uliogeuka jiwe. Palipo na chokaa hutokea ndugu wa fayalaiti ambao kalisi imewachukulia nafasi ya chuma. Palipotumika mchanga mweusi wa mitoni, ule unaonata kwenye sumaku, titani hujitokeza kwa wingi, na mtafiti hujua mara moja kwamba mhunzi hakuchimba mwamba bali aliosha mchanga.

Mtu hutarajia matanuri yabadilike na mavi yabadilike nayo, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Lapphyttan, nchini Sweden, kuna mabaki ya tanuri refu la zama za kati lililofikia joto la kukiyeyusha chuma chenyewe, kikiwa kimelewa kaboni. Humo silika haikuhitaji tena kuhongwa chuma, na chuma kilichopotea kikawa kidogo. Mavi ya matanuri ya namna hiyo ni kioo kitupu, cha kijani au buluu, mepesi na mazuri kiasi kwamba Waswidi huyachonga kuwa vito. Kwa mpenda madini hayana mengi ya kusema.

Pwani yetu iko kwenye hadithi hii kwa haki yake. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemwandikia mfalme Roger wa Sicily na kumaliza kazi yake mwaka 1154, alisema watu wa Malindi wanachimba chuma na kwamba ndicho kinachowapa faida kubwa kuliko kitu kingine. Hakufika mwenyewe, alisimuliwa. Lakini mavi hayasimuliwi: yako Galu, kusini mwa Mombasa, penye mabaki ya wayeyushaji wa milenia ya kwanza, na yako kwenye miji mingi ya kale ya pwani. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, ametumia miaka mingi kuwafuatilia wahunzi hao. Hapa madini ya moto yana kazi ya kimahakama, maana swali la kwanza kwenye mji wa kale ni hili: je, hapa waliyeyusha chuma kutoka kwenye mawe, au walinunua bonge kutoka bara wakalifua tu? Mavi ya kufulia yana umbo la kifuu, yamekusanyika chini ya moto mdogo wa mhunzi, na kando yake ardhi imejaa magamba, vile vijibanzi vinavyoruka nyundo ikipiga chuma chekundu. Magamba ni magnetaiti na wustaiti, na hayo sumaku huyachukua bila kusita. Pitisha sumaku kwenye udongo wa sakafu ya kale: ikija na ndevu za magamba, umesimama kwenye kiwanda cha mhunzi. Mawe ya chuma yasipokuwepo na mavi yaliyotiririka yasipokuwepo, hapo hapakuyeyushwa kitu.

Na bara, upande wa Kagera, mavi yamehifadhi kitu ambacho hakuna kamusi ya madini ingekitarajia. Wahaya walijaza shimo la chini ya tanuri kwa nyasi za kinamasi zilizochomwa zikawa mkaa. Mavi yalipochuruzika yalipita katikati ya nyasi hizo na kuganda yakiwa yamebeba alama za mashina yake. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, walioandika kuhusu teknolojia hiyo mwaka 1978, waliona kazi hiyo ikifanywa upya na wazee waliokuwa bado wanaikumbuka, na mabaki yaliyofukuliwa huko yanarudi nyuma kuliko zama za kati zenyewe.

Madini ya mvua ni habari nyingine, na ili kuyaona vizuri lazima tuache chuma twende kwenye risasi, shaba na fedha.

Milima ya Harz, kaskazini mwa Ujerumani, ina mlima uitwao Rammelsberg, pembeni mwa mji wa Goslar. Maandishi yanataja fedha ya eneo hilo tangu mwaka 968, enzi za Otto wa Kwanza, na mgodi ukafungwa mwaka 1988, zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Tangu 1992 uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mawe yake ni mchanganyiko mzito wa salfaidi, yaani metali zilizoungana na salfa: galena yenye risasi na fedha kidogo, sfaleraiti yenye zinki, kalkopairaiti yenye shaba, pairaiti yenye chuma, na zaidi ya hizo baraiti yenye bariamu, vyote vimesagika pamoja laini kama kahawa. Mtu wa zama za kati hakuweza kuvitenganisha kwa mkono.

Alichofanya ni kuyachoma kwanza mawe hayo kwenye marundo ya kuni ili salfa itoke kwa moshi, kisha kuyapeleka tanurini. Na tanuri halikuwa mgodini. Kuyeyusha kulihitaji makaa mengi kuliko mawe, kwa hiyo ilikuwa nafuu kuyabeba mawe kuyafuata miti kuliko miti kuyafuata mawe. Ndiyo sababu misitu ya Harz imejaa mamia ya maeneo madogo ya kuyeyushia, kando ya vijito, kila moja na kichuguu chake cha taka nyeusi.

Taka hizo nazo kwa msingi ni fayalaiti, kwa kuwa chuma cha pairaiti kiliungana na silika kwa kanuni ileile. Lakini zimebeba abiria. Zinki, ambayo Ulaya ya wakati huo haikujua kuikamata, ilichemka kwenye nyuzi 907, nyingine ikaruka na moshi na nyingine ikajificha ndani ya fayalaiti na kioo. Bariamu ya baraiti ikaingia kwenye kioo. Na kila mahali kuna vitone vidogo, vingine visivyoonekana kwa jicho: matone ya risasi, na matone ya salfaidi ya shaba na chuma, yaliyozama kwenye uji mzito yasifike chini kabla haujaganda.

Vitone hivyo ndivyo mbegu. Tanuri likaachwa, msitu ukarudi, mvua ikaanza kazi. Maji yenye hewa hupenya kwenye nyufa na matundu, hukuta kitone cha salfaidi, na salfa yake huungana na oksijeni ikageuka salfeti. Maji yanakuwa makali kidogo, yanayeyusha shaba, risasi na zinki zilizopo jirani, yanatembea milimita chache, yanafika kwenye kitundu cha kipovu cha gesi, na humo, yakikauka au yakipoteza ukali, huacha fuwele. Shaba na salfeti hutoa broshantaiti, sindano za kijani cha zumaridi. Shaba na kaboni dayoksidi ya udongoni hutoa malakaiti. Risasi na salfeti hutoa anglesaiti, risasi na kaboneti hutoa serusaiti, zote angavu au nyeupe. Risasi na shaba zikiingia pamoja na salfeti, huzaa linaraiti, buluu ambayo mpaka sasa sijaona neno la Kiswahili la kuitosha. Wino mpya wa kalamu unaikaribia.

Usifikirie fuwele za kuvaa shingoni. Nyingi hazifiki milimita moja. Wapenzi wa madini wa Ujerumani hukaa na hadubini wakipekua kitundu kimoja baada ya kingine, na ndani ya shimo lisilotosha punje ya mtama wanakuta bustani nzima. Napenda sana wazo hilo, kwamba kipovu cha gesi kilichobaki tanurini siku moja ya karne ya 12 kilikuja kuwa chumba cha kuoteshea fuwele kwa miaka mia nane. (Na kama utawahi kushika taka za risasi, nawa mikono kabla ya kula. Risasi haijali imekaa karne ngapi.)

Kwa nini mavi ya chuma ya kawaida hayana bustani hiyo? Kwa sababu hayana abiria. Mvua ikiyapiga hutoa kutu tu, hudhurungi na manjano, oksidi za chuma zilizolowa maji. Uzuri wa madini ya mvua unategemea uzembe wa tanuri: kadiri mhunzi alivyoacha shaba na risasi nyingi kwenye taka, ndivyo mvua ilivyopata rangi nyingi za kuchorea.

Kinachoamua aina ya madini ya mvua ni maji yenyewe, na mfano maarufu kuliko yote si wa zama za kati. Ni Laurion, Ugiriki, ambako Waathene waliyeyusha fedha karne ya 5 kabla ya Kristo na taka zikaishia kandokando ya bahari. Maji ya chumvi yakaingia kwenye matundu yake. Badala ya salfeti na kaboneti, risasi ikakutana na klorini, na yakazaliwa madini ambayo mengine hayakuwa yamewahi kuonekana popote: laurionaiti, fiedleraiti, penfildaiti. Karne ya 19 wanasayansi waliyapa majina na kuyaandika kwenye daftari la madini ya dunia bila kusita.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Je, hayo ni madini? Fuwele zimetengenezwa na bahari, hakuna mtu aliyezipanga. Lakini jiwe zilimotoka ni la mkono wa binadamu. Jumuiya ya Kimataifa ya Mineralojia, ambayo ndiyo inayoidhinisha majina mapya, iliamua katika kanuni zake za mwaka 1998 kwamba kitu kilichotengenezwa na binadamu si madini, na hata kile ambacho maji au hewa imekizalisha kutokana na kitu cha binadamu hakitapokelewa tena. Wazee wa Laurion waliachwa na majina yao kwa kuwa walikwisha kuingia, mlango ukafungwa nyuma yao. Hoja ilikuwa ya kivitendo: viwanda vya leo vinamwaga kemikali za kila aina, na ukikubali kila kinachoota juu yake, orodha haitakwisha.

Naielewa hoja, ila matokeo yake yanachekesha. Broshantaiti ikiota juu ya mwamba wa shaba ni madini. Ikiota kwenye kitundu cha taka za Harz, fuwele ileile, kwa maji yaleyale ya mvua, mwenye kushika sheria neno kwa neno atasema ni kitu kinachofanana na madini. Mwaka 2017 mtaalamu wa madini Robert Hazen na wenzake walipekua daftari na kukuta madini 208 yaliyokwisha kuidhinishwa ambayo hupatikana hasa au peke yake kwa sababu ya shughuli za binadamu: kwenye kuta za migodi, kwenye taka za matanuri, hata kwenye meli zilizozama. Abhuraiti, kwa mfano, iliota juu ya vipande vya bati kwenye meli iliyozama Sharm Abhur, karibu na Jeddah.

Mimea nayo haijasoma kanuni za 1998. Juu ya vichuguu vya taka vya Harz, mahali ambapo nyasi za kawaida hufa kwa sumu ya risasi na zinki, huota maua ya waridi na meupe yaliyozoea sumu hiyo, na waakiolojia huyatumia kama bendera. Huku kwetu mfano wake uko Katanga. Kuzunguka Lubumbashi, ambako shaba iliyeyushwa kutoka kwenye malakaiti tangu zamani na kumiminwa kuwa misalaba ya biashara, kuna mmea mdogo wa jamii moja na mrehani, Haumaniastrum katangense, unaopenda udongo wenye shaba. Zulia la mmea huo likionekana mahali pasipo mwamba wa shaba, mara nyingi chini yake kuna tanuri la kale. Watafiti wamefukua matanuri ya karne ya 14 kwa kufuata maua tu.

Nimeitaja fayalaiti mara nyingi bila kusema jina lake limetoka wapi. Limetoka Faial, kisiwa cha Azores, katikati ya Atlantiki, ambako kilikusanywa kile kipande kilichochunguzwa na kupewa jina mwaka 1840. Azores ni visiwa vya volkano, na fayalaiti hupatikana kweli kwenye baadhi ya mawe ya volkano, hata ya Bonde la Ufa nchini Kenya, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Baadaye wataalamu walishuku. Kipande kile hakikufanana na mawe ya kisiwa. Bandari ya Faial ilipokea meli nyingi, na meli zikienda tupu zilijaza tumboni kitu chochote kizito na cha bei rahisi ili zisiyumbe, kisha zikakimwaga ufukweni zikipata shehena. Inawezekana sana kwamba jiwe lililobeba jina la madini hayo, na ambalo mwanasayansi aliliandika kama zao la volkano, lilikuwa kipande cha mavi ya tanuri.